Kebo ya Intaneti na Waya wa Umeme Visilale Bomba Moja

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya mikutano ya wakazi wa kata



Katika mitaa mingi intaneti sasa huingia nyumbani kwa waya, si kwa simu ya mkononi pekee. Mwanafunzi wa chuo anayesomea nyumbani, duka la huduma za fedha lililo barazani, kamera ya getini na televisheni ya sebuleni vyote vyaweza kutegemea ruta moja. Hayo ni maendeleo ya kupokelewa kwa mikono miwili. Hata hivyo, aghalabu kebo hiyo hupitishwa na mtu asiyejua umeme umepita wapi ukutani, katika nyumba ambayo fundi wake wa umeme hakutarajia kwamba ukuta ungetobolewa tena.

Kebo ya intaneti ya shaba ina nyaya nane nyembamba, zilizosokotwa jozi kwa jozi. Yenyewe haitishi. Hata ile inayoipelekea kamera umeme hubeba takribani volti 48, na ganda lake la plastiki limetengenezwa kwa kiasi kidogo kama hicho. Umeme wa nyumba ni volti 230. Nyaya hizo mbili zikilazwa katika bomba moja, kisha ganda likachubuka wakati wa kuvutwa kwenye kona, volti 230 zaweza kuhamia kwenye kebo ambayo kila mtu huishika bila woga, na kufika hadi kwenye ruta iliyo mezani.

Kwa hiyo kila kebo ipewe bomba lake. Zinapokwenda sambamba ziachiane nafasi ya angalau milimita 50. Zinapolazimika kupishana, zipishane kwa pembe mraba. Utengano huo una faida nyingine, kwa kuwa umeme hautavuruga mawasiliano. Kabla ya kutoboa ukuta, swichi kuu izimwe, na fundi akumbuke kwamba nyaya kwa kawaida hupanda wima kutoka kwenye soketi na swichi hadi darini. Hapo si mahali pa kutoboa.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni desturi ya majirani kuchangia intaneti. Kaya moja huweka ruta, nyingine huchangia malipo, na kebo huvutwa juu ya ukuta wa mpaka au kutoka paa hadi paa. Nia ni njema, na pale mkataba wa mtoa huduma unaporuhusu, ni njia ya busara ya kugawana gharama. Tatizo ni shaba inayounganisha nyumba mbili. Mara nyingi kebo hufungwa kwenye waya wa TANESCO unaoingia nyumbani, kwa sababu waya huo tayari una njia. Upepo huzisuguanisha mchana na usiku hadi maganda yalike. Aidha, kila nyumba ina ethi yake, na huenda mojawapo haina kabisa. Kasoro ikitokea katika nyumba isiyo na ethi, kebo yenye ganda la bati yaweza kuupeleka umeme huo kwa jirani ambaye nyaya zake ni nzima.

Tena kuna radi. Haihitaji kuipiga kebo yenyewe. Ikipiga karibu, kebo ndefu iliyo hewani hupata msukumo wa umeme unaotosha kuunguza ruta na televisheni za nyumba zote mbili. Kwa kuwa kebo ya aina hii hufanya kazi hadi mita 100, wako wanaodhani kwamba umbali huo wote ni salama nje kama ulivyo ndani. Sivyo. Kati ya nyumba na nyumba itumike faiba, ambayo ni uzi wa kioo usiopitisha umeme, na ichaguliwe ile isiyo na waya wa chuma ndani yake. Kwa nyumba zinazopakana, mara nyingi hata faiba si lazima, kwani mawimbi ya ruta yenyewe huvuka ukuta wa mpaka.

Kuhusu boksi la saketi breka, ieleweke kwamba breka hulinda waya, haimlindi mtu. Mwili wa aliyeshika waya wenye volti 230 waweza kupitisha sehemu ndogo tu ya ampea moja. Kiasi hicho chatosha kusimamisha moyo, ilhali breka ya ampea 20 hukiona si kitu. Kinachomlinda mtu ni ethi iliyo nzima pamoja na kifaa kinachokata umeme pindi unaopotea unapofikia miliampea 30. Kifaa hicho kina kitufe chenye herufi T. Kibonyezwe kila baada ya miezi mitatu. Umeme usipokatika, kibadilishwe. Na breka inayokatika mara kwa mara isibadilishwe kwa kubwa zaidi ili “isisumbue”, maana waya uliobaki uleule ndio utakaoungua.

Adapta ya ruta ichomekwe kwenye soketi yake. Isiunganishwe ndani ya boksi hilo, wala kwenye ekstensheni iliyochomekwa katika ekstensheni nyingine. Nyaya za ndani ya nyumba, baada ya mita, ni wajibu wa mwenye nyumba, na anayezifunga anapaswa kuwa na leseni ya EWURA. Kuomba kuiona leseni hiyo si utovu wa adabu, hata fundi akiwa mtoto wa jirani.

Kwa kaya ambazo tayari zina kebo ya shaba kati ya paa na paa, isivutwe wala kukatwa kwa haraka. Itazamwe kwanza kutoka chini. Iwapo haigusi waya wa umeme popote, swichi kuu za nyumba zote mbili zizimwe, ndipo fundi aifungue pande zote. Iwapo imegusana na waya wa TANESCO au imefungwa kwenye nguzo, hakuna mtu wa kuisogelea wala kugusa ruta iliyounganishwa nayo, hadi TANESCO wapigiwe simu na kufika.