Mzaha wa Amin na Kauli ya Mwalimu
(Hotuba iliyotolewa kwa wanachama, Wambaa, Pemba)



Tumetakiwa tuseme juu ya maneno ya viongozi wakati wa vita. Hatutakwenda mbali. Tutasema juu ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, ambavyo sisi vijana hatukuviona, lakini miongoni mwenu wamo waliovifuata katika redio siku kwa siku.

Idi Amin alikuwa mtu wa mzaha. Mwaka 1972 alimpelekea Mwalimu Nyerere simu ya maandishi kuwa anampenda mno, na lau angalikuwa mwanamke angalifikiri kumuoa, ijapokuwa kichwa kimejaa mvi. Ulimwengu ukacheka. Akajipa cheo cha Mshindi wa Dola ya Kiingereza, ukacheka tena. Kisha mwisho wa Oktoba 1978 majeshi yake yakaingia Kagera. Watu wakauawa, ng'ombe wakachukuliwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Naye akatoa mzaha mwingine: ati yeye na Mwalimu wamalize ugomvi kwa ngumi, na Muhammad Ali awe mwamuzi. Na huyu aliwahi kuwa bingwa wa ngumi wa Uganda, na Mwalimu mtu mwembamba!

Wako wanaosema ule ulikuwa upuuzi wa mwendawazimu. Sisi hatukubali. Mzaha ule ulikuwa na kazi. Kila aliyecheka khabari ya ngumi, kwa dakika ile hakuwa akifikiri maiti za Kagera. Vita vikageuzwa ugomvi wa watu wawili, na maskini aliyepoteza nyumba na watoto hakuwa na nafasi katika mchezo huo hata ya mtazamaji.

Hapa Pemba jambo hili si geni. Katika mchezo wa ng'ombe, mwenye makelele makubwa ni yule aliyepanda juu ya mti. Aliye chini na kitambaa mkononi maneno yake ni machache.

Tarehe 2 Novemba 1978, katika ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam, Mwalimu alisimama mbele ya wazee wa mji. Kauli iliyobaki vinywani mwa watu ina mambo matatu tu: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Hamna ndani yake tusi wala kichekesho, na kila moja katika matatu hayo mtu aweza kulipima. Watu wakalipima, wakatoa magari, mifugo na vyakula, na wengine wakatoa watoto wao. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa. Amin akakimbilia Libya, na mwaka 2003 akafa Jeddah.

Lakini hatukuja hapa kusifu tu. Baada ya ushindi Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Ikapita, ikapita na mingine, na sabuni na sukari bado ni za foleni. Kauli hii nayo ilipimwa, ikapungua. (Sisi Wapemba foleni tulikwisha izoea kabla ya hapo, ila hilo ni la siku nyingine.)

Basi tunakaa kitako. Wazee mliokuwa na redio wakati ule, tuambieni mlicheka nini, na siku gani mliacha kucheka.