Kubwaga Chombo, Kuokoa Mwili
Mada iliyotolewa kwa waendesha baiskeli katika mkutano wa kata



Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, bidhaa nyingi za njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji zilipita mabegani mwa watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua takribani frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, ukiacha mkeka na sufuria yake. Leo baiskeli moja hubeba gunia zima la mahindi la kilo 100, mzigo wa wapagazi watatu. Ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, mpagazi alimzidi mwendesha baiskeli kwa jambo moja: alipojikwaa, mzigo ulikuwa begani tu, akauachia ukaanguka kwake, naye akaanguka kwake. Mwendesha baiskeli huanguka akiwa katikati ya usukani, fremu na gunia lililofungwa kwa mpira.

Mada hii haihusu namna ya kutoanguka kamwe, kwa maana kila aendeshaye ataanguka siku moja. Inahusu namna ya kuanguka na kuinuka mzima.

Tuanze na mkono, kwa sababu ndio unaoumia mara nyingi. Mtu akihisi anaanguka, mwili wenyewe huunyoosha mkono mbele ili kuizuia ardhi. Uzito wote, pamoja na kasi, hukutana na kiganja kimoja kilichokakamaa. Nguvu hiyo hupanda na kuvunja kifundo cha mkono, kiwiko, au mtulinga. Mfupa wa kifundo cha mkono uliovunjika huhitaji plasta kwa wiki 6 hivi. Mkulima wa tumbaku akivunjika mvua za Novemba zinapoanza, wiki hizo ndizo za kuhamishia miche shambani. Hivyo, mkono ulionyooshwa kwa nukta moja unaweza kuila akiba ya msimu mzima.

Badala yake, mikono ikunjwe na kusogezwa karibu na kifua, kidevu kiinamishwe kifuani ili kichwa kisigonge ardhi, na mwili uwe kama mpira unaoviringika. Anayerushwa mbele aviringike kwa nyuma ya bega, mgongo ukipita kimshazari hadi nyonga ya upande wa pili. Asilenge ncha ya bega, maana hapo mtulinga hupokea pigo lote. Akiendelea kuviringika asijizuie, kwa kuwa nguvu inayosambazwa katika mwili mzima huumiza kidogo kuliko inayokusanyika mahali pamoja.

Kuna tofauti kati ya kuanguka kwa ubavu na kurushwa mbele. Baiskeli inayolala polepole kwa upande, mwendeshaji abaki ameshika usukani, auache paja na nyonga vitangulie, maana hapo pana nyama. Mikono iliyo kwenye usukani haipati nafasi ya kunyooka. Lakini baiskeli ikipinduka kwa mbele, auachie usukani mara moja, aisukume baiskeli mbali kwa miguu, abaki yeye na ardhi tu. Wengi huumia kwa kuihurumia mali: hung'ang'ania baiskeli ili asali isimwagike, wakaangukiwa na madumu yenyewe. Husimuliwa kwamba jina la Bagamoyo limetokana na maneno «bwaga moyo». Kwenye mteremko wenye mchanga, neno la kukumbuka ni hilo la kwanza: bwaga. Dumu hununuliwa jingine.

Mambo haya hayajifunzwi wakati wa kuanguka. Kijana aanze kwenye uwanja wa shule wenye majani, bila baiskeli, akiwa amepiga magoti: akunje mikono, ainamishe kidevu, aviringike. Baadaye afanye akiwa amesimama. Mwili uliozoeshwa hautasubiri kuambiwa.

Sasa tutazame barabara zetu. Ardhi ya Tabora ni ya mchanga, na anayekwenda Kwihara, kwenye tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, anajua jinsi gurudumu la mbele linavyozama ghafla. Kosa kubwa ni kukamata breki ya mbele ukiwa tayari ndani ya mchanga. Punguza mwendo kabla ya kuingia, kwa breki zote mbili, kisha pita usukani ukiwa huru kidogo, viwiko vimekunjwa, uzito umeelekea nyuma, na macho yakitazama mbali badala ya gurudumu. Tukumbuke pia kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara nne.

Mzigo nao uwe chini na usawa pande zote mbili. Gunia lililorundikwa juu ya keria hulifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi, nao usukani hukosa utii. Mtoto anayepakiwa awekewe mahali pa kukanyaga, kwa sababu mguu unaoingia kwenye spoki huvunjika, na baiskeli huanguka pamoja na wote.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Mipira ya vishikio vya usukani ikichakaa, bomba la chuma hubaki wazi. Mtu akiliangukia kwa tumbo, hasa mtoto, laweza kuumiza ini au wengu na kuacha alama ndogo tu juu ya ngozi. Mipira hiyo ibadilishwe mapema. Na mtoto aliyegongwa tumboni na usukani apelekwe kwa mganga hata kama anasema hajambo.

Kuhusu kichwa, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliounganisha tafiti 40 za majeruhi wa baiskeli zaidi ya 64,000 katika nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kuumia kichwa kwa takribani nusu, na majeraha makubwa ya kichwa zaidi ya hapo. Kofia ikae sawa juu ya paji la uso na mkanda ufungwe. Kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani hailindi kitu.

Baada ya kuanguka, usiinuke kwa haraka kwa kuwaonea haya wapita njia. Iwapo gari laweza kuja, sogea pembeni, kisha jikague. Anayelalamika shingo au asiyehisi miguu asiinuliwe wala kupakiwa kwenye baiskeli au pikipiki. Atulizwe palepale, kichwa kisitikiswe, hadi msaada ufike. Damu ikitoka, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi. Mchubuko uoshwe kwa maji safi na sabuni, usipakwe majivu wala udongo, na aliyejeruhiwa aulize zahanati kuhusu chanjo ya pepopunda. Anayetapika, anayesinzia isivyo kawaida, anayechanganyikiwa au anayetokwa na majimaji masikioni asiachwe alale nyumbani «apumzike». Huyo ni wa kituo cha afya usiku huohuo, na ikibidi, wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete.

Ndugu wananchi, barabara zitaendelea kuchongwa na mvua zitaendelea kuziharibu. Kabla ya safari ya kesho, kila mmoja akague breki, vishikio na mpira wa kufungia mzigo, na jioni awafundishe watoto wake kuviringika juu ya majani. Mzigo ukimwagika utaokotwa, na anayesubiriwa nyumbani atafika.