KILA NENO NA MAHALI PAKE
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Jambo tulilolichagua ni dogo kwa umbo, walakini huwatia makarani hasarani: nalo ni mahali pa kuyaweka maneno katika sentensi ya Kiingereza. Wengi wetu tuliosoma skuli za misheni twayajua maneno mengi, na kuyaendeleza twajua. Lakini barua yaweza kuwa haina hata neno moja lililoendelezwa vibaya, na bado ikampotosha msomaji, kwa kuwa neno fulani limeketi mbali na jamaa zake.

Tuliwahi kuiona barua ya mwenzetu mmoja aliyefiwa na baba yake. Aliandika hivi: "I beg leave to bury my father for fourteen days." Yeye alitaka ruhusa ya siku 14 apate kwenda kuzika. Lakini hesabu ile ya siku imekaa ubavuni mwa kuzika, basi Kiingereza chasema kwamba baba atazikwa kwa muda wa siku 14, na baadaye labda afukuliwe. Barua ilisomwa kwa sauti ofisini, watu wakacheka, na mwenye msiba amesimama pale pale. Kumcheka mfiwa ni aibu ya mchekaji, si ya mfiwa. Hata hivyo, laiti angaliandika "I beg fourteen days' leave to bury my father," hapana ambaye angalipata la kuchekea. Maneno ni karibu yale yale; palipokosewa ni mahali.

Je, chanzo cha makosa haya ni nini? Si ujinga. Chanzo ni kwamba lugha yetu ina kifungo ambacho Kiingereza hakina. Sisi tukisema "sanduku la karani lililoachwa stesheni," kila asikiaye ajua kwamba kilichoachwa ni sanduku. Tukisema "sanduku la karani aliyeachwa stesheni," ajua kwamba aliyeachwa ni karani. Kitendo chenyewe kimevaa alama ya bwana wake, hata kikisimama mbali naye. Ama Mwingereza akisema "the box of the clerk that was left at the station," neno lile "that" hutumika kwa mtu na kwa kitu, wala halina alama ya yeyote. Akiandika "who" twajua ni mtu, akiandika "which" twajua ni kitu. Lakini vikiwa vitu viwili, msaada umekwisha. "The key of the box which was lost": ni ufunguo au ni sanduku? Kwetu ni "uliopotea" au "lililopotea," na shauri limekwisha. Kwa Kiingereza hapana budi kuyahamisha maneno: "the lost key of the box," au "the key of the lost box."

Lakini tusijivune. Sisi nasi tukisema "mtoto wa mpishi aliyeugua," hatujui mgonjwa ni yupi, maana wote wawili ni watu na alama yao ni moja. Shida hiyo, ambayo kwetu hutokea mara moja moja, kwa Mwingereza ni ya kila siku.

Tena haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na miisho mingi ya maneno iliyoonyesha lipi ni la nani. Katika karne za baadaye miisho ile ikazidi kufifia, na kazi yake ikashikwa na mahali pa neno. Basi karani apangaye maneno ya Kiingereza ovyo ni sawasawa na mtu asemaye Kiswahili na kuzitupa alama zote za vitendo. Tutazame sasa mahali panne penye hatari.

Kwanza, mkato. Linganisheni sentensi hizi mbili: "The clerks who came late lost a day's pay," na "The clerks, who came late, lost a day's pay." Ya kwanza ni kusema, makarani waliochelewa walikatwa mshahara wa siku moja, waliowahi hawakuguswa. Ya pili ni kusema, makarani walichelewa, nao wakakatwa mshahara: ni wote, hata yule aliyefungua mlango wa ofisi alfajiri. Alama ndogo kama ukucha yaweza kuukata mshahara wa ofisi nzima! Maneno yanayochagua baadhi ya watu hayatengwi kwa mikato; maneno yanayoongeza habari tu juu ya watu wanaojulikana hutiwa kati ya mikato miwili.

Pili, neno "only." Sisi husema "tu" baada ya neno tunalolipunguza, na Waingereza huliweka "only" kabla yake. Hivyo wenzetu wengi hulipeleka mkiani mwa sentensi kwa mazoea ya nyumbani, na msomaji hubaki akikisia. Tuseme siri ya ofisi imetoka nje, na tarishi anaulizwa. "Only the messenger saw the letter": hapana mwingine aliyeiona, basi shaka yote ni juu yake. "The messenger only saw the letter": aliiona tu, hakuisoma. "The messenger saw only the letter": aliona barua, hakuona kitu kingine. Neno ni moja. Mahali pake pa kwanza pamemtia mtu hatiani, na pa pili pamemwokoa. Ni kweli kwamba mtaalamu Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, aliwatetea waliachao "only" karibu na kitendo pale ambapo maana haina shaka. Lakini katika habari ya mashtaka na fedha, heri kuliweka palipo pake hasa.

Tatu, maneno ya wakati. "The storekeeper reported that the money was lost on Monday." Je, fedha zilipotea Jumatatu, au habari ililetwa Jumatatu? Kama zilipotea Jumamosi, naye akaarifu Jumatatu asubuhi mara ofisi ilipofunguliwa, sentensi hii itamwonyesha kuwa mwongo wakati wa kukaguliwa hesabu. Andikeni: "On Monday the storekeeper reported that the money was lost." Siku imekaa na kuarifu, na mtu ana salama yake.

Nne, kitendo kisicho na mwenyewe. Sisi twasema "Nikienda ofisini, mvua ikaharibu mafaili," na ile "ni" yaonyesha mwendaji. Wengi hugeuza hivi: "Going to the office, the rain spoiled the files." Sasa "going" halina alama ya mtu, basi lashika jina la kwanza lililo mbele yake, na mvua ndiyo inayokwenda kazini! Semeni: "As I was going to the office, the rain spoiled the files."

Ndugu zetu, dawa ni nyepesi. Kabla ya kuipiga barua chapa, someni nakala ya mkono polepole. Wekeni kidole juu ya kila fungu la maneno na kuliuliza, "Wewe u wa nani?" Likiwa mbali na bwana wake, lileteni karibu. Likishindikana, ivunjeni sentensi iwe mbili; sentensi mbili fupi si aibu kwa mtu ye yote. Na mkiona kosa la namna hii katika barua ya kijana aliyeingia kazini juzi, mwiteni kando mkamwonyeshe, msiisome mbele ya watu.

Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nasi twaongeza kwamba aliyejikwaa ulimi aweza kujirekebisha papo hapo, lakini barua ikiisha tiwa sahihi na kuwekwa katika faili, mwandishi hayuko tena karibu nayo kuieleza. Yaliyomo ndiyo yatakayosema kwa niaba yake, au juu yake.