Pesa Mkononi mwa Maskini

(Hotuba kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, kabla ya kura ya kugawa mchango wa Kwaresima)

Tunajua wengine mmetoka mbali na mmeacha palizi shambani, kwa hiyo hatutazunguka. Leo mchana mtapiga kura. Je, mchango wetu ununue mahindi na mbuzi kama miaka yote, au upelekwe kwa familia maskini kama pesa taslimu, kila familia ijipangie yenyewe? Tumeombwa tuseme neno kwanza.

Tuanze na kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tuligawa mbuzi wa maziwa. Walikuwa mbuzi wazuri, hata wageni waliwapiga picha. Mama mmoja mjane alipata majike wawili. Baada ya miezi miwili tukaenda kumtembelea na daftari letu, tukakuta kamba tu mtini. Mmoja alikuwa amemuuza kulipa deni la zahanati, wa pili akanunua mahindi, maana ilikuwa mwezi wa tano na ghala lilikuwa tupu. Tukamgombeza mbele ya watoto wake, tukaandika kwamba hakufuata masharti ya mradi. Yeye alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwalimu, watoto wangekula kamba?"

Jibu hatukuwa nalo. Tena sikieni hili: dalali sokoni alimpa chini ya nusu ya bei tuliyowanunulia wale mbuzi. Kumbe tulikuwa tumempa pesa, ila tulizipitisha kwenye mbuzi, na nusu ikapotea njiani. Ilikuwa michango yenu.

Tangu hapo tumekuwa tukifuatilia habari za misaada ya pesa. Kenya si ngeni katika jambo hili. Mwaka 2004 Serikali ilianza majaribio na familia 500 zinazolea mayatima, shilingi 500 kwa mwezi. Baadaye kiasi kikafika 2,000, na wazee pia wakaingizwa. Mnajua wenyewe jinsi malipo hayo yanavyochelewa, na jinsi mzee anavyokopa dukani akingojea. Lakini muulizeni mwenye duka kama anakubali kumkopesha mzee asiyeandikishwa.

Majaribio makubwa zaidi yalifanyika Siaya. Kuanzia mwaka 2014 shirika la GiveDirectly la Marekani lilipeleka pesa kwa zaidi ya familia 10,500, kiasi cha shilingi 87,000 kila familia, kupitia simu. Waliandikwa wale waliokuwa wakiishi nyumba za nyasi. Hakukuwa na semina wala masharti, wala mtu wa daftari kama sisi. Utafiti ulichukua vijiji 653, vingine vikapata na vingine havikupata kwanza, ndipo wataalamu wakalinganisha.

Watu walifanya nini na pesa hizo? Wengi walikimbilia mabati. Kuna wakubwa walionung'unika: mabati ni ya kujionyesha, kwa nini hawakununua ng'ombe? Mwenye kusema hivyo hajalala chini ya paa la nyasi mwezi wa nne. Nyasi si za bure, jamani. Zinakatwa au zinanunuliwa, fundi analipwa, na baada ya mwaka mmoja au miwili zimeoza, unaanza upya. Maskini hulipia paa lake maisha yake yote, na mwenye uwezo alilipa mara moja akasahau. Mvua ikinyesha usiku mama anaamka kuhamisha sufuria, mahindi yanashika ukungu, daftari za watoto zinalowa. Ukiezeka mabati, ile pesa ya nyasi inabaki mfukoni kila mwaka, na ukiweka mfereji hata maji unakinga nyumbani. Sisi kwenye kamati zetu hatukuwahi kufikiria paa kuwa mradi wa kuleta mapato. Wenye nyumba walijua.

Na pesa hazikukaa katika boma moja. Fundi alilipwa, naye akanunua unga, mwenye unga akampa kijana kibarua. Wataalamu walipiga hesabu wakaona kila shilingi 1 iliyoingia ilizaa kama shilingi 2 na nusu katika sehemu ile. Hata waliokosa walifaidika. Na ile hofu ya bei kupanda? Zilipanda kwa asilimia 0.1 hivi, yaani hakuna aliyesikia.

Tunajua baba mmoja pale nyuma anangojea kuuliza habari za pombe. Ni swali la haki. Huko Rarieda, katika Siaya hiyo hiyo, watafiti walifuatilia familia kati ya mwaka 2011 na 2013, wengine wakipewa jumla ya shilingi 25,200 na wengine 95,200. Matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka. Visa vya wanaume kupiga wake zao vilipungua. Kwa sisi tunaosuluhisha ndoa kila wiki, hilo halikuwa la kushangaza sana: magomvi mengi yanayofika kwetu yalianzia kwenye mia mbili ya chumvi na sabuni.

Lakini habari iliyotugusa zaidi ilitoka mwaka 2025. Watafiti walirudi Siaya kuhesabu watoto waliozaliwa na waliofariki. Katika familia zilizopata pesa, vifo vya watoto wasiotimiza mwaka mmoja vilikuwa vimepungua karibu nusu. Mama mwenye mimba aliweza kuacha vibarua vizito miezi ya mwisho, na uchungu ulipoanza nauli ya hospitali ilikuwapo. Angalieni lakini, faida ilikuwa kubwa kwa wale walio karibu na hospitali yenye daktari. Pesa haijengi zahanati. Asije mtu akasema tukigawa pesa Serikali ipumzike na dawa.

Matatizo yapo, wala hatuyafichi. Mwaka 2015 huko Homa Bay familia nyingi zilikataa pesa hizo kabisa, uvumi ukisema ni za shetani. Tusiwacheke. Mtu aliyeahidiwa na kudanganywa mara nyingi, ukimwambia chukua bure, lazima atafute mtego uko wapi. Na wivu nao: majirani waliokosa walipoulizwa kuhusu maisha yao, walisema hawaridhiki kama zamani. Kwa hiyo namna ya kuchagua majina ni kazi nzito kuliko kutuma pesa zenyewe. Majina yasomwe hadharani katika jumuiya, na jamaa ya kiongozi isiingie bila jumuiya nzima kukubali. Hapo tunajua tunawaudhi wachache, mtusamehe.

Kuhusu wakati, Rarieda ilifundisha kwamba waliopata kidogo kidogo kila mwezi walikula vizuri zaidi, na waliopata kwa mkupuo walinunua vitu vya kudumu. Mchango wetu ni mdogo, hautoshi mabati ya mtu. Tena unafungwa karibu na Pasaka, mbegu ziko ardhini tayari na njaa ya mwezi wa tano iko mlangoni. Maoni yetu ni kwamba tuugawe mara tatu, kuanzia mwezi huo hadi mahindi yakomae, kwa familia chache badala ya kuwapa wengi kisahani kimoja kimoja cha unga. Na kura ikishinda upande wa mahindi, tutanunua mahindi, hatutanuna.

Karatasi za majina ziko kwa katekista. Andikeni namba ya simu ya mwenyewe, siyo ya mwenyekiti. Asiye na simu aandikiwe namba ya mtu anayemchagua yeye. Yule mama wa mbuzi tulikwenda kumwona juzi kumwomba radhi, akatukaribisha uji. Hatujamwambia lolote kuhusu mchango, kwa sababu kura ni yenu.