Nani Atakaa Dukani? Ukuaji, Ajira, Masoko na Teknolojia kwa Wafanyabiashara Wadogo wa Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, ndugu maafisa biashara na maafisa maendeleo ya jamii,

Mada niliyopewa ina vichwa vinne: ukuaji, ajira, masoko na teknolojia. Nilijaribu kuvigawia nafasi sawa nikashindwa. Katika maduka ya Kariakoo, Manzese na Mbagala, vyote vinne hukutana kwenye swali moja ambalo mwenye duka hujiuliza kila akitaka kusafiri, kuugua au kwenda msibani: nani atakaa dukani? Naamini swali hilo huamua biashara itafika wapi kuliko mtaji unavyoamua. Semina zetu huanza na mtaji kwa sababu ndio tunaotajiwa. Mwulize mfanyabiashara mbele za watu anapungukiwa na nini, atasema mtaji. Ni jibu lenye heshima, na huenda mwulizaji ana mkopo mfukoni.

Kukua, kwa macho ya nani?

Sera yetu ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 hupanga biashara kwa idadi ya wafanyakazi na mtaji uliowekezwa kwenye mitambo. Biashara ndogo kabisa ina watu 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Ndogo ina watu 5 hadi 49 na mtaji usiozidi milioni 200. Sasa mchukueni mama anayeuza vitenge kwa jumla Mtaa wa Kongo. Mtambo wake ni feni na mashine ya risiti za kodi, EFD. Vijana wake ni watatu. Mali yake yote imo kwenye majora yaliyopangwa hadi darini, na kilemba alicholipa kuipata fremu yake kingetosha kuanzisha kiwanda kidogo mkoani. Kwa jedwali la sera, huyu ni mdogo kabisa. Wanunuzi wanaomfuata kutoka Lubumbashi na Lusaka wangecheka.

Mama huyu akipata faida nzuri, mara nyingi hapanui duka alilonalo. Huchukua fremu nyingine milango minne mbele, hununua kiwanja Chanika, hutoa bajaji mbili kwa hesabu, hupeleka mashine ya kusaga kijijini kwao. Wahasibu husema anakata mtaji. Mimi huona ana hoja. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua, na wako waliolala na mali wakaamka bila kitu. Bima ya bidhaa bado ni jambo la wachache. Kiwanja hakiungui.

Tena sheria zenyewe zina ngazi, na kila ngazi ina bei yake. Mfanyabiashara binafsi anaweza kukadiriwa kodi kwa mauzo yake. Sheria ya Fedha ya 2019 ilipandisha ukomo wa mauzo hayo kutoka milioni 20 hadi milioni 100 kwa mwaka. Kujisajili kwa VAT kulikuwa kwenye milioni 100, na tangu Julai 2023 ni milioni 200. Akivuka hapo, jora alilokuwa akiliuza 30,000 linatakiwa kuwa 35,400, huku jirani ambaye hajasajiliwa akibaki kwenye 30,000. Kinadharia atarejeshewa VAT aliyolipa wakati wa kununua. Lakini kama mzigo ulitoka kwenye kontena walilochangia watu sita na risiti ni ya mmoja, atarejeshewa kwa karatasi gani? Ndipo duka la pili linapofunguliwa kwa jina la mdogo wake. Sisemi ni halali. Nasema mkikuta maduka mawili ya ukoo mmoja yanayouza kitu kilekile, msiandike kwenye ripoti zenu kwamba wahusika hawana elimu ya biashara. Wanayo.

Kijana wa dukani

Hapa nitakaa kidogo.

Ajira katika duka dogo haitangazwi. Simu hupigwa nyumbani, kijana hupanda basi. Hulala kwa mwenye duka, hula kwake, hupata posho, na hupewa ahadi kwamba akivumilia miaka kadhaa atafunguliwa duka lake. Wachaga wamejulikana kwa utaratibu huu kiasi kwamba Dar es Salaam nzima duka la mtaani huitwa kwa Mangi, hata kama muuzaji ni Mgogo. Wakinga wa Makete nao wana sifa hiyo kutoka Njombe na Mbeya hadi Kariakoo. Ni chuo cha biashara kisicho na cheti, na kimetoa wahitimu wengi kuliko semina zetu, hii ya leo ikiwemo.

Kasoro yake ni kwamba ahadi haiandikwi. Mwaka wa kwanza na wa pili kila mtu anaikumbuka sawa. Mwaka wa tano kijana ana mchumba, amejua wateja wote kwa majina, na anaona mali aliyoikuza. Mwenye duka naye anakumbuka nauli, chakula, matibabu na ile simu aliyomnunulia. Mmoja husema, “Nimemlea,” mwingine husema, “Sijalipwa.” Maduka mengi yanayokufa ghafla yakiwa na wateja wake hufa hapo, na sisi huandika kwamba yamekufa kwa ushindani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka masharti ya kazi yaandikwe, inatoa likizo ya mwaka ya siku 28 na likizo ya uzazi ya siku 84. Wenye maduka huniambia hawaajiri kwa sababu ya makato, nami huwapigia hesabu hii. Mshahara wa 200,000 una mchango wa NSSF wa asilimia 20, yaani 40,000, na nusu yake inaweza kukatwa kwa mfanyakazi. Basi mwajiri anabaki na 20,000. Hiyo si fedha ya kumzuia mtu anayefungua duka la pili Kariakoo.

Pigo la hesabu huja mbele zaidi. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ilikuwa ikianza kwa mwajiri mwenye watu wanne. Mwaka 2021 ikasogezwa hadi kumi, na mwaka 2023 kiwango kikashuka hadi asilimia 3.5. Nafuu ni ya kweli. Lakini tozo hukokotolewa kwa mishahara ya wote, si kwa huyo wa kumi peke yake. Watu kumi wa 200,000 kila mmoja hufanya milioni 2, na tozo yake ni 70,000 kwa mwezi. Mfanyakazi wa kumi basi anamgharimu mwajiri 290,000, bila mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, wakati wa tisa alimgharimu 220,000. Mkikuta karakana ya watu tisa na “vibarua” kadhaa wasiokuwa na majina, mmeshajua sababu.

Hata hivyo maduka mengi hayafiki kumi, hukomea kwa watatu. Hapo hakuna sheria inayozuia. Kinachozuia ni kwamba mwenye duka hawezi kujua kichwani watu wanne wameuza nini leo, na stoo haihesabiwi. Kwa kuwa haihesabiwi, wengi hubuni njia ya mkato: mpe kijana bei, akiuza juu ya hapo ni yake. Mwenye mali hulala usingizi, maana fedha yake inarudi kamili. Anayelipa usingizi huo ni mteja, na baada ya muda duka linakuwa na bei nyingi kama lina wauzaji wengi.

Masoko: winga, simu na basi

Mwenyekiti, hatuwezi kuzungumzia masoko Kariakoo tukamruka winga. Hana fremu, hana mali, ila anajua kila kitu kilipo. Humshika mteja barabarani, humpeleka dukani, huweka cha juu yake. Wenye maduka humlaani mchana na humpigia simu jioni wakiwa na mzigo usiotoka. Ni mfanyakazi wa mauzo asiyedai mshahara wala likizo, ndiyo maana hataondoka kwa matangazo ya serikali ya mtaa.

Instagram imempa winga huyo mitaa mipya. Picha inapigwa dukani kwa mtu, inawekwa na maneno “bei njoo DM”. Wakufunzi huwakemea kwa kuficha bei, nami nilikuwa miongoni mwa wakemeaji hadi nilipoona wanaificha ili mwenye bidhaa asijue kimeongezwa kiasi gani. Yule mwenye duka halisi asiye na winga wala cha juu, huyo ndiye wa kuambiwa aandike bei. Ni faida ambayo winga hawezi kumwigiza.

Kutuma mzigo mikoani kumetatuliwa na mabasi ya Kituo cha Magufuli, Mbezi, bila mradi wa mtu yeyote: furushi, namba ya simu kwa kalamu nene, picha ya risiti ya basi kwa WhatsApp. Tatizo lililobaki ni nani amwamini mwenzake kwanza, anayelipa au anayetuma. Jambo moja tu la kisheria: namba za wateja zinazokusanywa hivyo ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sijaona duka dogo lililoambiwa hivyo na afisa yeyote.

Teknolojia ipi hununuliwa bila semina

Tunasema wafanyabiashara wadogo wanaogopa teknolojia. Tembeeni Mtaa wa Aggrey mhesabu kamera. Mwenye duka aliyeko Bukoba kwenye arusi hutazama kaunta yake kwenye simu. Lipa Namba ilipendwa kwa sababu hiyohiyo: kijana anauza, ujumbe wa fedha unaingia kwa mwenye mali papo hapo. Vyote viwili vinajibu swali la nani atakaa dukani.

Mashine za EFD, zilizoanza mwaka 2010, humwonyesha mtu mwingine, yaani mtoza kodi. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, miongoni mwa malalamiko waliyompelekea Waziri Mkuu Kassim Majaliwa lilikuwamo agizo la kusajili stoo, pamoja na kamatakamata. Na tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, wengi waliokuwa wameshazoea simu walirudi kwenye noti mara moja. Kwa hiyo tukipeleka programu ya kuhesabu stoo, swali la kwanza tutakaloulizwa ni taarifa zinakwenda kwa nani. Tuwe na jibu, na liwe la kweli. Mwenye duka asiyelipata atabaki na daftari la madeni, au, kwa kukosa hesabu za kuonyesha benki, ataingia kwenye mikopo ya simu. Novemba 2024 Benki Kuu ililazimika kutangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini.

Ninachopendekeza tujadili

Tumwite kijana wa dukani pamoja na mwenye duka. Mafunzo yafanyike Jumapili mchana, yasiwe Desemba wala wiki za mwisho za Ramadhani, na somo la kwanza liwe kuhesabu stoo kwa mkono, watu wawili, mmoja akihesabu na mwingine akiandika, kisha wabadilishane. Mkopo ungoje hadi hesabu tatu za mwisho wa mwezi zilingane.

Kwenye makabrasha yenu nimeweka mfano wa makubaliano ya ukurasa mmoja kati ya mwenye duka na msaidizi. Naomba tuusome kabla ya chai, hasa kifungu cha tatu: miaka ikitimia kijana atapewa nini, mali au fedha, kwa bei ya siku gani, na nani wa pande zote mbili za ukoo atakayesaini kama shahidi.