Kichwa Kielekee Msituni



Tarehe 30 Mei mwaka 1933, huko Boga, ng'ambo ya mto Semliki, upande wa Kongo, alifariki mzee mmoja aliyekuwa akikaribia miaka 70. Aliacha wosia wa ajabu kidogo. Desturi ilikuwa maiti alazwe kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliomba chake kielekee magharibi. Mashariki ndiko kulikokuwa Buganda, alikozaliwa. Magharibi kulikuwa na msitu wa Ituri, ambako wengi walikuwa hawajalisikia Neno. Mzee yule hakutaka hata kaburi lake litazame nyuma.

Alikuwa kasisi Apolo Kivebulaya. Leo naomba tukae na wosia wake huo, kwa sababu unatuuliza swali ambalo wengi wetu tunalikwepa mpaka tuwe wagonjwa: maisha yangu yanaelekea wapi?

Sisemi kwamba hatuna shughuli. Shughuli tunazo hadi zinamwagika. Kuna kazi, kuna biashara ya pembeni, kuna kikoba, ada ya shule, michango ya harusi, msiba wa jirani, na simu isiyonyamaza. Jioni mtu anajitupa kitandani hoi. Mwulize umechoka kwa kufanya nini, atakutajia mambo kumi. Mwulize umechoka kwa ajili ya nini, ananyamaza. Ukimya huo ndio unaonisumbua. Mambo kumi yasiyo na kamba moja ya kuyafunga ni kama kuni zilizomwagika njiani: ni zako, umezitafuta kwa jasho, lakini huwezi kuzifikisha nyumbani.

Sasa tumtazame Apolo. Kijana huyu hakuanza akiwa mtakatifu. Alikulia katika Buganda ya vita na misukosuko ya dini, akawahi kufuata Uislamu, akawahi kuwa askari. Alibatizwa mwaka 1895, akapewa jina la Apolo. Lile la Kivebulaya lilitokana na koti jekundu alilopenda kulivaa, kwani maana yake ni kitu kilichotoka Bulaya, yaani Ulaya yetu hii tunayoitaja kila siku. Mwaka uliofuata alitumwa Boga.

Walimu wa Injili waliotangulia Boga walikuwa wamenyimwa chakula. Inasimuliwa kwamba Apolo aliposikia hivyo alichukua jembe, akalitia begani, akashika njia chini ya milima ya Rwenzori. Hakwenda kubishana na watu juu ya chakula. Alikwenda kulima chake, ili njaa isije ikapata neno la kusema katika safari yake. Mtu anayejua aendako huuliza, "Nichukue nini ili nifike?" Asiyejua aendako huuliza, "Nitapata nini huko?"

Mambo hayakwenda kwa urahisi. Tabaro, chifu wa Boga, alimpinga. Kisha dada yake chifu akafa kwa ajali, alipoangukia mkuki uliokuwa katika nyasi za kujengea, na lawama ikamwangukia Apolo. Alifungwa, akapelekwa Toro, upande wa Uganda, akatiwa gerezani. Humo gerezani, kwa ushuhuda wake mwenyewe, alimwona Yesu Kristo aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yuko pamoja naye. Alipoachiliwa alirudi wapi? Boga kulekule. Na yule chifu aliyempinga, Tabaro, baadaye alibatizwa.

Msikilizaji, angalia ni mara ngapi kazi ya mtu huyu ilibadilika. Alikuwa askari, akawa mwalimu wa Injili, mkulima, mfungwa, fundi wa kujenga makanisa. Alifanywa shemasi mwaka 1900, kasisi mwaka 1903. Alirudishwa Toro akatumika huko miaka mingi, kisha akarudi tena Boga. Alikuwa na mchumba, mchumba akafa, naye hakuoa tena. Hata mpaka wa nchi ulihama: Boga iliyohesabiwa upande wa Uganda ikawa Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1921, akiwa mtu mzima ambaye wenzake wangetarajia apumzike, alianza kuingia msituni kwa Wambuti, watu waliodharauliwa na majirani zao, akakaa nao na kuwafundisha. Kazi zilibadilika, vyeo vikabadilika, serikali zikabadilika. Kusudi halikubadilika hata siku moja.

Hapo ndipo penye neno langu la leo. Kusudi moja si kazi moja. Wengi tunahangaika kutafuta ile kazi moja ambayo Mungu ametupangia, kana kwamba tukiikosa tumepotea. Lakini kazi ni jembe tu. Leo unashika jembe, kesho chaki, keshokutwa unashika mkono wa mgonjwa. Kusudi ni Yule unayemfanyia. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni kwamba analitenda jambo moja: kuyaacha yaliyo nyuma na kukaza mwendo kumwelekea Kristo. Alikuwa mshona mahema, mhubiri, mfungwa, na yote hayo aliyahesabu kuwa jambo moja.

Kuna atakayesema, "Mimi kusudi langu ni watoto wangu." Ni jibu zuri, nami naliheshimu. Lakini watoto hukua wakaondoka. Mwingine atasema kusudi lake ni kazi yake. Kazi nayo huisha kwa barua ya ukurasa mmoja. Nimewaona watu waliostaafu wakazeeka ghafla, si kwa maradhi, bali kwa sababu asubuhi hawana tena pa kwenda. Kitu kinachoweza kuchukuliwa kwa barua, au kwa kifo, au kwa mwenye nyumba, hakiwezi kubeba uzito wa maisha yote. Mpende mtoto kwa sababu ya Mungu, nawe utampenda hata akiwa mbali. Fanya kazi kwa ajili ya Mungu, nayo barua ya kustaafu haitakuondoa katika utumishi.

Na sisi tulio ndani ya kanisa tusijidanganye. Tunaweza kutawanyika humohumo. Jumatatu kamati, Jumatano maombi, Alhamisi mazoezi ya kwaya, Jumamosi harambee, na moyo umekauka kama mtama wa kiangazi. Martha alikuwa nyumbani mwake na Yesu yuko sebuleni, lakini mambo mengi ya jikoni yakamtenga naye. Bwana hakumkemea kwa kupika. Alimwonyesha kwa upole kwamba kinachohitajika ni kimoja, na kwamba Mariamu ndugu yake, aliyeketi kusikiliza, alikuwa amekishika. Sufuria zingengoja kidogo. Huwezi kumtumikia mtu vizuri ikiwa huna muda wa kumsikiliza.

Tena, kusudi hili halibuniwi na mtu. Hapa tunatofautiana na wale wanaotuambia tujitengenezee ndoto zetu, tuzibandike ukutani, tuzikimbilie. Ndoto niliyoitunga mimi nitaichoka mimi, na siku nguvu zikiisha nayo itaisha. Apolo hakujituma, alitumwa. Ndiyo maana gerezani, alipokuwa hana koti wala jembe wala mtu wa kumtetea, wito ulibaki, kwa kuwa aliyemwita alibaki. Mkristo haulizi kwanza, "Nataka kuwa nani?" Anauliza, "Bwana, wataka nifanye nini?" Jibu la swali hilo mara nyingi huwa dogo na la karibu: msamehe ndugu yako, rudisha fedha ile, kamtazame jirani aliyelazwa, pima kilo iwe kilo kweli sokoni.

Maana ndivyo kusudi moja linavyofanya kazi katika siku ya kawaida. Mama anayeuza mboga hahitaji kuacha genge lake ili amtumikie Mungu; genge lenyewe linakuwa mahali pa haki na neno jema. Dereva wa bodaboda hubeba abiria kama mtu atakayeulizwa habari za roho ile aliyoipakia. Mwalimu haachi mtoto mzito wa kuelewa nyuma ya darasa. Kila mmoja ana mambo kumi yake, lakini kamba imepatikana, na mzigo unabebeka.

Na matunda? Apolo hakuyaona yote. Alikufa akiutazama msitu ambao kazi yake ilikuwa haijakwisha. Lakini katika ule mji wa Boga aliouingia kwa miguu, mwaka 1972 iliundwa dayosisi ya kwanza ya Kianglikana katika Kongo, na mwaka 1992 kanisa hilo likawa jimbo kamili. Leo huko Ituri Wakristo wanamsifu Mungu, wengi wao kwa Kiswahili hiki ninachosema nawe, katika nchi iliyoteswa sana na vita. Imani iliyopandwa kwa jembe haijang'oka.

Msikilizaji, usiku wa leo kabla hujalala, zima simu kwa dakika tano. Taja mbele za Mungu mambo yote yaliyokuchosha leo, moja baada ya jingine. Kisha jiulize, kwa kila moja: hili nilimfanyia nani? Utakapokuta jambo lisilo na jibu, liache, au lirudishe kwa Bwana upate jibu. Usingoje siku ya kuandika wosia ndipo uamue kichwa chako kielekee wapi. Amua ukiwa ungali na miguu ya kwenda huko.