Kuchagua Chumba Katika Meli

Leo tutasema habari za kusafiri melini pamoja na watoto.

Mtu atauliza, "Sisi watu wa milimani tuna shughuli gani na meli?" Lakini ukishuka kwa Kibondo na Kasulu, ukafika Kigoma, ziwa liko mbele yako. Meli iliyojulikana huko kuliko zote ni Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa Kigoma, ikaelea mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 isitekwe. Waingereza waliiinua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Meli nayo huzeeka, husimama kwa matengenezo. Basi kabla hujauza mbuzi upate nauli, uliza bandarini kama meli ipo, na siku gani.

Sasa chumba. Wengi hutaka cha juu kabisa, mbele, waone ziwa. Mimi sikubali, kama una watoto wadogo. Meli hucheza zaidi kwenye omo, yaani mbele, na kwenye tezi, yaani nyuma. Juu nako huyumba kuliko chini. Katikati ndipo penye utulivu. Lakini usikae juu ya mashine: kuna joto na kelele usiku kucha. Mwulize karani, "Mashine ziko wapi?" Hiyo si aibu. Ukitaka usingizi, jitenge pia na mlango wa mizigo. Katika vituo vingi vya ziwa hilo hakuna gati. Mitumbwi huja ubavuni usiku wa manane, na watu hupigiana makelele ya dagaa na magunia.

Chumba kikiwa ghali, daraja la chini linatosha. Fika mapema, tandika mkeka mbali na njia ya watu, mtoto alale upande wa ukuta.

Toka Mei hadi Agosti upepo wa kusini huchafua ziwa. Anayetapika mpeleke kwenye hewa, atazame nchi kavu iliyo mbali. Tumbo tupu ni baya. Ale kidogo kidogo, ugali mkavu au ndizi. Maji ya kunywa chukueni yaliyochemshwa. Mwaka 2015 kipindupindu kilishika wakimbizi wa Burundi pale Kagunga, kando ya ziwa hilohilo.

Jambo la mwisho ni zito. Tarehe 21 Mei 1996 meli Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, mamia walikufa. Ukiona watu wamejaa hata hapana pa kukanyaga, shuka, hata kama tiketi imelipwa. Ukibaki, kabla ya kulala tafuta maboya ya kujiokolea, mvalishe kila mtoto lake, ujue linavyofungwa. Halafu tembea naye kutoka chumbani hadi sitahani, ahesabu milango njiani.

Sasa chukueni kalamu. Andikeni mara tatu: omo, tezi, sitaha, gati, boya.